Kompyuta Moja ya Dada Wawili

Kijana akija kwangu siku hizi akitaka nimfundishe kutengeneza kompyuta, jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba nimestaafu. La pili namwambia akae. Macho yangu hayaoni tena skrubu ndogo, na magoti yamekataa kuingia chini ya meza, na kazi hii, wanangu, nusu yake hufanyiwa chini ya meza. Lakini mdomo bado uko sawa. Basi kaeni.

Mimi sikuanza na kompyuta. Nilianza kama mpiga taipu, na taipureta yangu ilipoharibika nilikuwa naipeleka kwa Mzee Nzioka, aliyekuwa na chumba kidogo karibu na soko la Muthurwa. Iliharibika mara nyingi hivi kwamba mwishowe nikaona ni nafuu nijifunze kuitengeneza mwenyewe. Mzee akanifundisha. Hakuwa mtu wa maneno. Akikupa bisibisi ujue umefaulu, akikunyang'anya ujue umefeli, na hapo somo limeisha.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, mteja mmoja alimletea kibodi ambayo vitufe vyake vilikuwa vigumu. Mzee Nzioka aliitazama, akaona ni taipureta iliyokonda, akachukua oili ya cherehani akatia tone kwenye kila kitufe. Haikuandika tena hata herufi moja, lakini vitufe vilikuwa laini sana. Mwenyewe alipokuja kuichukua, Mzee alimwonyesha ulaini huo. Kuanzia siku ile kazi za kompyuta alikuwa akinisukumia mimi.

Lakini kuna kitu kimoja cha Mzee ambacho nilikibeba mpaka mwisho. Alikuwa hafungui mashine ya mtu kabla hajamwona mwenyewe akiitumia. Anamkalisha, anamwambia, "Andika kama unavyoandika kila siku," halafu anatazama mikono. Karani mmoja alilalamika kwamba mashine yake inaruka nafasi. Mzee akamtazama akiandika, akaona ana tabia ya kula mandazi juu ya mashine. Makombo yote yalikuwa mle ndani. Hakukuwa na kilichovunjika.

Sasa sikieni kuhusu kompyuta ya zamani inayokwama, kwa sababu hizo ndizo mtakazoletewa. Mashine mpya haziendi kwa fundi wa mtaani. Mwenye kompyuta ya zamani hatakwambia amefungua vitu vingi. Atakwambia ina virusi. Virusi nimeviona, lakini si vingi kama nilivyoambiwa.

Mimi nilikuwa nawaeleza wateja hivi: kompyuta ina kabati na ina meza. Kabati ni diski, ambamo vitu vinalala hata stima ikipotea. Meza ni ram. Kila programu unayoifungua unaitandaza mezani. Kompyuta ya zamani ina meza ndogo, kama ya mama anayeuza mahamri kando ya barabara. Meza ikijaa, mashine inaanza kuteremsha vitu kabatini na kuvipandisha tena, inateremsha, inapandisha, na taa ile ndogo ya mbele inawaka bila kuacha. Wewe unaona mausi imekwama. Haijakwama. Iko njiani kati ya meza na kabati. Ukiipiga haitaenda haraka. Nimeona watu wazima wakiipiga.

Dawa yake si siri. Bonyeza Control, Shift na Escape kwa pamoja, itakuja orodha ya vitu vinavyokula meza, na karibu kila mara mlafi mkubwa ni zile kurasa za mtandao ambazo mtu amezifungua tangu wiki jana akisema atazisoma. Zima programu zinazojiamsha zenyewe mashine ikiwashwa. Toa vumbi kwenye feni. Ikiwa kuna nafasi ya ram nyingine, ongeza. Mwenyewe akiwa na uwezo, badilisha ile diski inayozunguka uweke ya kisasa isiyozunguka, na atadhani umemuuzia kompyuta nyingine. Ni hayo tu. Mnaweza kuyajua yote kwa asubuhi moja. Kilichobaki ni watu, na hicho huchukua muda.

Kulikuwa na duka kule mtaa wa Tena, chini ya jengo la fleti, la dada wawili. Baba yao alikuwa karani mjini. Alipostaafu akafungua duka la karatasi, fotokopi na kazi za kompyuta, na alipofariki wakalirithi. Mkubwa aliitwa Ndunge. Yeye alikuwa akitengeneza kadi za harusi na vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu juu na wasifu ndani. Mdogo aliitwa Mbithe, na kazi yake ilikuwa ya mtandaoni: kujazia watu fomu za kazi, za kodi, za vyuo. Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, na mimi nilikuwa nikizisafisha zote mbili.

Asubuhi moja Ndunge akanipigia simu. "Mama Zuhura, mashine imesimama, na kuna mzee wa msiba amekaa hapa. Tafadhali njoo sasa hivi."

Niliposhika mkoba wangu na kufika, nilikuta kompyuta iliyokuwa ikitumika ni moja tu. Ya Mbithe ilikuwa sakafuni pembeni, imefunikwa kitambaa safi kama kitanda cha mgeni. Viti viwili vilikuwa vimebanana mbele ya skrini moja, Ndunge kwenye kimoja na Mbithe kwenye kingine, mabega yakikaribia kugusana. Kwenye benchi alikaa mzee aliyevaa koti, kofia yake ikiwa juu ya goti. Huyo alikuwa Mzee Mutua, mchonga vinyago wa zamani. Mkewe alikuwa amefariki. Mwili ulikuwa utoke mochari alasiri hiyo kupelekwa nyumbani Ukambani, na vijitabu vilitakiwa kwenda na gari la mazishi.

Nikasalimia. Dada wote wawili wakaniitikia, kila mmoja peke yake.

"Tatizo ni nini?" nikauliza.

"Muulize huyo," Ndunge akasema, bila kuonyesha ni nani.

"Mwambie mimi ninafanya kazi," Mbithe akasema. "Kama ni kwake imekwama, ni kwake."

Walikuwa karibu kiasi kwamba kila mmoja angeweza kumshika mwenzake sikio, lakini maneno yote yalikuwa yakipitia kwangu. Kwa muda mfupi nikawa mkalimani wa Kiswahili kwenda Kiswahili.

Nikawaambia wafanye kazi kama wanavyofanya kila siku, nikasimama nyuma yao nikawatazama wakipokezana kibodi. Ndunge alikuwa na ile programu yake nzito ya kupanga picha, na kijitabu cha marehemu kilikuwa wazi. Alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri na hajakihifadhi, kwa sababu kila akijaribu kuhifadhi mashine inaganda. Chini yake kulikuwa na kadi za harusi mbili ambazo hakuzifunga kwa vile zikifungwa zinachukua muda wa kuchemsha chai kufunguka tena. Mbithe, kwa upande wake, alikuwa amepanga kurasa za mtandao juu ya skrini mpaka majina yake hayasomeki. Kila ukurasa ulikuwa wa mteja. Mmoja ulikuwa wa kijana aliyekuwa akiomba kazi, fomu ndefu yenye vyeti vyote, na siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wazi. Watu wawili walikuwa wakitandaza kazi zao kwenye meza ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa tayari kuondoa chake.

"Lazima kitu kimoja kifungwe," nikasema. "Nikiizima hivi, kijitabu kinapotea. Ile programu haikumbuki. Lakini kurasa za mtandao zikifungwa, meza itapata nafasi, tutahifadhi, kisha tutaendelea."

"Mwambie afunge," Ndunge akasema.

"Mwambie fomu ya mtoto wa watu itapotea yote," Mbithe akasema. "Mwambie pia kama angetaka nisikae hapa, angeacha mashine yangu ilipokuwa."

Hapo ndipo nikaelewa, kidogokidogo, kwa vipande walivyokuwa wakinirushia. Miezi kadhaa nyuma stima ilipotea Tena, kisha ikarudi kwa nguvu, ikaunguza kompyuta ya Mbithe. Ya Ndunge ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye gadi, lile sanduku dogo linalozuia stima ya ghafla. Ya Mbithe nayo kwa kawaida ilikaa kwenye gadi hilo hilo. Lakini siku hiyo ilikutwa imechomekwa ukutani, na mahali pake kwenye gadi palikuwa na mashine ya Ndunge ya kufunika kadi kwa plastiki. Wiki nzima Mbithe alimuuliza, na kila siku Ndunge alisema hajui ilifikaje hapo. Mwishowe Mbithe akahamishia kiti chake mbele ya kompyuta ya dada yake, na tangu siku ile hawakuzungumza. Walifungua duka pamoja, walifunga pamoja, walitembea kurudi nyumba moja, na hakuna neno.

Wakati huo picha ya marehemu ilikuwa kwenye skrini, ukurasa wa mbele, ikijichora polepole. Ilikuwa imeteremka kutoka kwenye kilemba mpaka puani, ikasimama. Mzee Mutua alinyanyuka kwenye benchi, akaja akasimama karibu yangu, akaitazama.

"Ni yeye," akasema. "Hata alipokuwa hai alikuwa haharakishwi."

Hakuna aliyejua kama acheke. Mzee akaendelea kutazama ile nusu ya uso. Kisha akawageukia wale wawili.

"Nyinyi ni ndugu?"

"Ndiyo, mzee," Ndunge akasema.

"Wa mama mmoja?"

"Ndiyo," Mbithe akasema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. "Haya," akasema, akarudi kukaa.

Nimewahi kusikia mahubiri marefu Ijumaa na Jumapili, maana jirani zetu Wakristo tulishirikiana nao kila kitu, lakini sijasikia yaliyofanya kazi kama ile "haya." Feni ya kompyuta ndiyo iliyokuwa ikilia peke yake.

Ndunge alikuwa akitazama kibodi. "Ni mimi niliyechomoa," akasema.

Nikangoja aniambie nimwambie. Hakuniambia.

"Yule mama aliyeleta vitambulisho vifunikwe alikuwa na haraka," akaendelea. "Soketi zilikuwa zimejaa. Nikasema nitairudisha. Nikasahau. Stima iliporudi nikasikia harufu, nikaogopa."

"Najua," Mbithe akasema. "Nilikuwa mlangoni nikirudi na maziwa. Nilikuona ukichomoa, nikadhani utairudisha."

"Sasa mbona ulikuwa ukiniuliza kila siku?"

"Nilikuwa nangoja useme."

Walikaa hivyo, wote wawili wakitazama mbele, kwenye nusu ya uso wa mke wa mtu. Ndunge akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. Mimi nilijifanya natafuta kitu mkobani. Katika kazi hii lazima mkoba wako uwe na vitu vingi, kwa ajili ya nyakati kama hizo.

Kisha Mbithe akasogeza kiti nyuma. "Mama Zuhura, funga zangu zote."

"Na ya kijana?"

"Nitampigia simu arudi. Nitaijaza upya."

Nikabonyeza vile vitufe vitatu. Orodha ilichukua muda kutokea, na mkono wangu sikuutoa. Ilipotokea nikazifunga zile kurasa za mtandao zote kwa mara moja. Taa ya mbele ikaendelea kuwaka, ikapepesa, ikapungua. Uso wa marehemu ukateremka mpaka kidevuni. "Hifadhi sasa," nikamwambia Ndunge, naye akahifadhi, na tukangoja mpaka mashine ilipokubali.

Wengine wenu mngeishia hapo mkachukua pesa yenu. Lakini kijitabu kilikuwa bado hakijachapishwa, na kwa meza ile ndogo printa ingeigandisha mashine tena. Nikatazama sanduku la kompyuta ya Mbithe, lililofunikwa kitambaa.

"Mbithe," nikasema, "hii yako haitaamka. Stima ilipiga pale inapoingilia. Lakini ram yake inaweza kuwa nzima, na ni ya aina moja na hii. Nikiitoa huku nikaiweka kule, meza itakuwa mara mbili."

Alikuwa amewaambia watu wote, pamoja na mimi, kwamba atapata pesa aitengeneze. Aliipangusa kila asubuhi. Sasa akatoa kitambaa, akakikunja vizuri, akaomba bisibisi. Skrubu alizifungua yeye.

Hapa shikeni vizuri, kwa sababu watu huharibu hapa. Zimeni mashine, chomoeni waya ukutani, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia mkiwa mmeshachomoa, ili stima iliyobaki ndani iishe. Gusa chuma cha sanduku kabla hujagusa kitu kingine. Ram haivutwi. Unafungua vibanio vya pembeni, inanyanyuka yenyewe. Ukiirudisha, tazama pengo lililo chini yake lilingane na la kwenye soketi, kisha sukuma mpaka usikie kibanio kikisema "ta."

Nilisikia "ta," nikawasha. Mashine ikalia milio mirefu, skrini ikabaki nyeusi.

Ndunge akatazama saa ya ukutani. Mzee Mutua akavaa kofia, akaivua tena. Mbithe hakutazama kitu. Alikuwa ameshika lile sanduku lake tupu kwa mikono miwili.

"Nipeni raba," nikasema.

"Raba gani?" Ndunge akauliza.

"Ya kufutia penseli."

Duka la karatasi lilikuwa na raba za kuuza. Ndunge akararua pakiti mpya, jambo ambalo mtu mwenye duka halifanyi hivihivi. Nikasugua yale meno ya dhahabu ya ram pande zote mbili, taratibu, mpaka yakang'aa, maana miezi ya kukaa sakafuni ilikuwa imeyatia ukungu. Nikapuliza makombo yasiingie ndani. Nikairudisha. Nikawasha.

Ililia mlio mmoja mfupi, na skrini ikafunguka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mbithe alisema tu, "Imeichukua," akaliachia lile sanduku.

Kijitabu kilipofunguliwa, picha ilitokea yote, kutoka kilemba mpaka mabegani, mara moja. Ndunge akamwita mzee aje ahakikishe kabla ya kuchapisha. Mzee Mutua aliinama akaitazama karibu sana.

"Hapo alikuwa amenikasirikia," akasema. "Nilichelewa kufika studio."

"Tubadilishe picha, mzee?"

"Hapana. Alikuwa anaipenda." Akaanza kusoma wasifu, kidole kikifuata mistari. Kikasimama. "Hapa mmeandika alikuwa mpole."

"Mwanao ndiye aliyetuletea hivyo," Ndunge akasema.

"Mwanangu anaishi mbali. Toeni hilo neno. Watu wa kwetu wanamjua, watacheka kaburini."

"Tuandike nini?"

Mzee akafikiri. "Andikeni alikuwa hadanganyi mtu," akasema. "Hata pale ungependa akudanganye."

Ndunge akaandika. Mbithe akasogeza kiti karibu, akamsomea herufi, akamwambia kuna moja imerukwa. Alimwambia yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi. Printa ikaanza kutoa kurasa, Ndunge akikunja, Mbithe akibana pini, na mzee akizipanga kwenye boksi la karatasi kama mtu anayepanga mayai. Alipoondoka alitupa mkono sote watatu. Tulisimama mlangoni tukamtazama mpaka akavuka barabara.

Kijana wa fomu alirudi mchana huo amekasirika. "Mathe, mimi nilishamaliza hii kitu," akawa akimwambia Mbithe, naye akamwekea kiti, akamnunulia soda, wakaijaza upya. Ilitumwa kabla ya muda kuisha. Sijui kama kazi aliipata.

Nilipofunga mkoba niliwashauri watafute kompyuta ya pili wakipata uwezo. Wakaniambia ndiyo, vile watu wanavyomwambia fundi ndiyo.

Baadaye sana, karibu na wakati nilipoacha kazi, nilikuwa na shughuli upande wa Umoja nikaona nipitie Tena niwajulie hali. Sikufika mlangoni. Kelele nilizisikia nikiwa bado mbali, sauti mbili za wanawake zikipandiana, moja ikisema kuhusu gundi iliyoachwa wazi, nyingine ikijibu kuhusu mteja aliyeitwa mjomba. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegesha pikipiki yake nje, anakula muhogo.

"Mathe, usiingie sasa," akaniambia. "Hao wamewaka tangu asubuhi."

"Wanagombania nini?"

"Kila kitu."

"Na mashine inafanya kazi?"

"Inafanya. Si ndiyo hiyo wanagombania nani aikalie."

Nilisimama pale nikasikiliza kidogo. Ndunge alisema neno moja la Kikamba ambalo sitalitaja hapa, na Mbithe akaanza kucheka katikati ya kufoka, akashindwa kurudi kwenye kufoka kwake. Nikamwomba yule kijana kipande cha muhogo, akanipa, nikapita zangu.